Jina Alilolitaja Bariyerini

Kwa aliyekosa gazeti la Jumamosi iliyopita: mume wangu Henri, dereva wa treni, alitoka Kindu mwaka 2002, mji ukiwa umezingirwa, kwenda kutafuta chakula upande wa Kibombo. Hakurudi. Hakuna aliyeuona mwili. Hivi karibuni, kanisani kwetu, mtu anayeitwa Fadhili alisimama kutoa ushuhuda wa kuokoka kwake. Alisema wakati wa vita alikuwa mpiganaji wa msituni, na kwamba kwenye bariyeri moja, kizuizi walichoweka kwenye njia ya reli, alimpiga risasi dereva wa treni asiye na ncha ya kidole cha shahada, mkono wa kushoto.

Kidole hicho nilikifunga bandeji mimi.

Baadhi yenu mmeuliza kama nilimrukia. Hapana. Nilisimama, nikaketi tena, nikasubiri wimbo uishe. Mchungaji Ilunga alinikuta mlangoni, na hapo ndipo nilipoishia.

"Mama Claudine," akasema, "yule muntu anaomba kunawa na weye."

Parokia yetu ina desturi iliyozaliwa baada ya vita. Aliyemwaga damu akitubu, hashiriki meza ya Bwana mpaka anawe mikono katika beseni moja na jamaa ya aliyemkosea, mbele ya watu wote, kama watu wanaojiandaa kula sahani moja. Jamaa ikikataa, anabaki benchi la nyuma. Wapo waliozeekea benchi hilo. Fadhili ni seremala. Benchi lenyewe alilitengeneza yeye.

"Lini?" nikauliza.

"Jumapili ijayo."

"Na kama sitaki?"

"Atakaa nyuma. Mimi sitakulazimisha. Lakini Mungu amemusamehe tayari, Mama."

"Mungu hakuwa mke wa Henri."

Mchungaji alivitazama viatu vyake. Ni mtu mpole, na upole wake huwa unanichosha.

"Mama Claudine, weye unataka mbingu yenye mtihani wa kuingia."

"Na msimamizi asiyesinzia."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Mafundisho ninayajua. Nimewafundisha watoto wa Jumapili kwa miaka mingi kwamba wote tumetenda dhambi, kwamba upendo wa Mungu haununuliwi, na kwamba aliyeingia jioni anapokelewa sawa na aliyeingia alfajiri. Niliyakubali hayo kama ninavyokubali kwamba maji ni hidrojeni na oksijeni. Shida yangu ilianza yalipotumika kwa mtu mwenye jina na uso.

Na nitaje kilichoniuma, maana si kile mnachofikiri. Haikuwa hasira. Ulikuwa wivu.

Mtu huyu alimwona Henri mara ya mwisho. Alisikia sauti yake ikiisha. Mimi nilibaki na shati la akiba na picha moja iliyofifia, yeye akabaki na dakika ambazo kwa haki zilikuwa zangu. Kisha Mungu akamwongezea na upendo juu yake. Wokovu nilikuwa nimeupata kwa bei hiyohiyo, yaani bure, lakini sasa nikaona bure yake ni kubwa kuliko yangu.

"Kabla ya kunawa," nikamwambia Mchungaji, "nataka kuongea naye. Peke yetu."

---

Alikuja barazani kwangu akiwa amevaa shati safi, vumbi la mbao bado limo nywelini. Mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye mabega ya kazi. Hakuketi mpaka nilipomwonyesha kiti.

"Madamu," akasema.

Kanisani wote huniita Mama Claudine. Hilo la Madamu nililichukua kuwa ni woga.

"Nitakuuliza maswali," nikasema. "Utajibu ulichokiona. Usiongeze, usipunguze."

Aliinamisha kichwa ghafla, kama mtu aliyeguswa shingoni.

"Ndiyo, Madamu."

"Alivaa nini?"

"Shati ya reli. Bulu."

"Mashati ya reli yote yalikuwa bluu."

"Kola ilishonwa na uzi mweupe. Hapa." Akagusa shingo yake, upande wa kulia.

Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia wiki ile. Hakuna mtu mwingine duniani aliyepaswa kujua.

"Alilia?"

"Hapana."

"Aliomba?"

"Aliomba. Kimya. Midomo ilikuwa inacheza."

Niliona wivu ukinipanda kifuani kama kikohozi. Hata midomo yake aliiona.

"Maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi?"

Fadhili alizungusha kofia yake mikononi. "Madamu, wacha iyo."

"Nimeuliza."

"Itakuumiza."

"Wewe ndiye wa kuniambia kitakachoniumiza?"

Aliiweka kofia gotini. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Komanda alimuuliza bibi yake njo nani. Akasema: bibi yangu njo Mama Sofia."

"Rudia."

"Mama Sofia. Komanda akauliza tena. Akajibu vilevile. Hakubadilisha."

"Binti yangu anaitwa Claudine."

"Najua, Madamu."

Nieleze kwa msomaji wa mbali. Kwetu bibi ni mke, na njo ni ndio. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake la ubatizo hubaki kwa karani na kwa Mungu. Watu humwita kwa mtoto. Mimi ni Germaine, lakini Henri hakuniita Germaine tangu siku Claudine alipozaliwa. Mume akisema mke wangu ni Mama Sofia, maana yake kuna mtoto anayeitwa Sofia, na kuna mama aliyemzaa, na mama huyo si mimi.

"Basi," nikasema, nikasimama. "Yanatosha."

"Madamu, iko neno lingine."

"Nimesema yanatosha."

"Lile nililosema kanisani, halikuwa..."

Nilifunga mlango. Nilimsikia akisimama nje muda mrefu, kisha viatu vyake vikashuka ngazi.

---

Jirani yangu Françoise ndiye huongoza kina mama wa parokia, na habari humfikia kabla ya kutokea. Jioni hiyo alikuja na sombe, kisamvu chetu, kwenye bakuli, kisingizio kizuri.

"Wanaume wa reli, dada," akasema akiketi. "Kila gari ya moshi inasimama kwa kila stesheni. Weye ulifikiri yako peke yake ilikuwa inapita?"

"Sijakuambia kitu, Françoise."

"Hujaniambia. Mimi naleta sombe tu." Akafunua bakuli. "Mama Sofia. Pale Alunguli hakuna Mama Sofia mumoja? Yule wa maandazi?"

Nilikuwa nimeshamfikiria kabla hajafungua mdomo.

Mwanvua. Mjane wa mfanyabiashara wa mchele aliyeitwa Waziri. Mwislamu, mtu wa heshima, mkazi wa Alunguli, ng'ambo ya mto. Henri alipotoweka, alikuja kuketi nami mkekani, mtoto mchanga mgongoni, akiwa hana undugu nami wala kanisa moja. Na tangu mwaka ule, kila Idi, huniletea sahani ya wali na nyama, imefunikwa kitambaa cheupe. Mimi humrudishia sahani hiyo Krismasi, ikiwa na keki.

Usiku ule nilizipitia sahani zote upya. Kwa nini mimi? Kwa nini nyama nzuri, ya paja? Kwa nini hakukosa hata mwaka mmoja?

Nikamkumbuka Sofia mwenyewe, tangu utoto mpaka alipoolewa. Masikio yake. Namna alivyocheka upande mmoja wa mdomo. Nilitoa picha ya Henri, nikaiweka chini ya taa. Picha ilikuwa imefifia kiasi kwamba ungeweza kuona humo mtoto yeyote uliyemtaka.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Ushahidi niliokuwa nao ulikuwa jina moja na sahani. Kama mwanafunzi angeniletea hitimisho juu ya hayo, ningempa sifuri. Lakini nililibeba hitimisho hilo asubuhi mpaka bandarini, nikavuka nalo mto.

---

Mwanvua alikuwa anageuza maandazi nje ya nyumba yake.

"Karibu, Mama Claudine. Leo umevuka maji kwa ajili yangu? Idi bado."

"Sofia yuko wapi?"

"Iko Kalima kwa bwana yake. Mimba ya pili. Kaa, chukua moja, bado moto."

"Baba yake ni nani?"

Mkono wake ulisimama juu ya mafuta.

"Weye unamujua. Waziri. Ulikuja kwa msiba yake, ulikaa pale karibu na mlango."

"Nimeuliza baba yake ni nani."

"Na mimi nimejibu." Akaliepua karai, akaliweka chini polepole. "Nani amekutuma na swali ya namna iyo?"

"Henri," nikasema. "Kabla ya kuuawa aliulizwa mke wake ni nani. Hakunitaja mimi. Alikutaja wewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu, au uongo, au matusi. Mwanvua alikaa chini, palepale mchangani, na kuvuta ushungi wake mpaka ukamfunika macho.

"Waliuliza tena?" akasema kutoka ndani ya nguo. "Na bado akasema vile?"

"Mara mbili."

"Alafu wakamuua."

"Ndiyo."

"Mimi nilifikiri ni mto. Miaka yote nilijiambia ni mto, alijaribu kuvuka akazama." Akafunua uso. "Kaa chini, Mama Claudine. Weye hautakaa kwa kiti wakati naongea iyi."

Nilikaa. Sijui kwa nini nilimtii.

Haya ndiyo aliyonieleza. Waziri alikuwa mjini, na watu wa msituni walikuwa wamesikia kwamba anawauzia askari mchele. Waliapa kummaliza yeye na nyumba yake yote. Mwanvua alikuwa kwao, Kibombo, amekwenda kujifungua kwa mama yake kama desturi. Habari ilipofika, alikimbia na kichanga kufuata reli, bila chakula, bila mtu.

"Bwana yako alinikuta kwa njia. Alikuwa na kitoroli ya reli, amejaza mihogo. Watu wa bariyeri walikuwa wanaachia watu wa reli kupita, sababu waliwatumikisha kubeba mizigo yao. Lakini mwanamuke peke yake aliulizwa: weye wa nani? Na mimi nilikuwa wa Waziri."

"Endelea."

"Akashusha mihogo yote kwa majani, ili mimi na mutoto tupate nafasi. Nikamuuliza, baba, na chakula yenu? Akasema nitairudia, Mama Claudine atanigombeza lakini nitairudia."

Hilo lilinichoma mahali ambapo sikupatarajia. Ningemgombeza kweli.

"Kwa bariyeri komanda akauliza: huyu nani? Akasema: bibi yangu, ametoka kwao kuzaa. Komanda akasema: mutoto anaitwa nani? Mutoto alikuwa hana jina, siku saba za kupewa jina bado. Bwana yako hakusita. Akasema: Sofia. Huyu njo Mama Sofia, bibi yangu."

Sofia ni jina la mama mkwe wangu. Tulikuwa tumeliweka kwa binti wa pili, ambaye hakuja.

"Ulimwachia jina hilo," nikasema.

"Ningelitoa namna gani? Lilimupitisha mutoto mahali ambapo muntu hapiti."

Henri alimficha katika nyumba ya reli iliyoachwa, kati ya bariyeri na mji, wangoje giza waingie Kindu. Kisha akarudi na kitoroli kufuata mihogo yetu. Mwanvua alimngoja mpaka maziwa yakaanza kumkauka, ndipo akaingia mjini mwenyewe na mtoto.

"Kwa nini safari ya pili hakusema ukweli?" nikauliza. "Alikuwa peke yake. Angesema mke wangu yuko mjini, ni mwalimu, anaitwa Mama Claudine."

"Alafu wangeuliza: yule wa kwanza alikuwa nani? Wangefuata reli. Mimi nilikuwa karibu, hata mutoto akilia wangesikia."

Nilitafuta kasoro katika maelezo yake kama ninavyotafuta katika jaribio la mwanafunzi. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Bwana yako alitoka sababu ya njaa ya nyumba yake, akapotea sababu ya mimi?" Alichukua andazi, akalirudisha. "Nilikuletea sahani."

Mngetegemea hapa niseme kwamba wivu uliniisha. Niwe mkweli: hesabu ilikubali, moyo haukukubali. Hapakuwa na uzinzi. Kulikuwa na kitu kigumu zaidi. Uzinzi ningeweza kuuchukia. Huyu mume wangu alikufa akiwa mume wa mtu mwingine, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, na alirudia mara mbili.

"Henri alikuwa mzee wa kanisa," nikasema. "Hakusema uongo hata kwa mama yangu juu ya mchuzi wake. Alikufa na uongo mdomoni."

Mwanvua aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniudhi.

"Mama Claudine, mimi sisali kwenu. Lakini si nyinyi mnaosema muntu mumoja alisimama pahali pa wengine, akafa? Munaimba iyo kila Jumapili, naisikia kutoka kwa boti. Sasa imetokea ndani ya nyumba yako, na weye unauliza kama sarufi ilikuwa sawa."

"Unanifundisha dini yangu."

"Nakuuliza tu. Chukua maandazi, ya njiani."

Nilichukua. Nilikula moja ndani ya boti, na lilikuwa zuri, na hilo pia nilimwonea wivu.

---

Nikiwa katikati ya mto nilijua ninachotaka.

Sikutaka Mwanvua afe. Sikutaka Sofia asiwe amezaliwa. Nilitaka kitu kidogo kuliko hivyo. Nilitaka pale bariyerini, katika watu wote waliokuwepo, mmoja awe amesema kwa sauti: mke wa mtu huyu ni Germaine, Mama Claudine. Basi. Hata kama hakuna aliyemsikiliza. Liwe limesemwa mahali Henri alipofia, kama jina la mwenye nyumba linavyoandikwa mlangoni hata akiwa safarini.

Nilimpigia simu binti yangu, aliye Bukavu, nikamweleza yote. Claudine alilia, kisha akauliza, "Kwa hiyo Mama, utanawa?"

"Nafikiri."

"Kwa sababu umemsamehe?"

"Kwa sababu hana kosa kwangu zaidi ya lile alilolikiri. Alitumwa, akafyatua. Mambo mengine ni kati yangu na baba yako."

"Baba amekufa, Mama."

"Ndiyo maana ni magumu."

Jumamosi Mchungaji Ilunga alipita. Nilimwambia nitanawa. Alitaka kunikumbatia, nikampa mkono.

"Mungu anakupenda sana, Mama Claudine."

"Sana kuliko Fadhili?"

Alidhani natania. "Sawa na Fadhili."

"Nilijua utasema hivyo," nikamwambia. "Ni mafundisho sahihi."

---

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Françoise alikuwa amejipa kazi ya kushika taulo, na alikuwa amevaa kitenge kipya kwa ajili ya kazi hiyo. Beseni lilikuwa juu ya kiti mbele ya mimbara, la bati, maji ya mto wetu, Lualaba, yakiwa na rangi yake ya chai.

Nje ya mlango wa pembeni, chini ya ukingo wa paa, niliona ushungi mweupe. Mwanvua alikuwa amevuka mto. Hakuingia. Alisimama mahali ambapo angeona.

Mchungaji alieleza desturi kwa wageni. Akasoma. Akaomba. Kisha akaita jina langu, na jina la Fadhili.

Fadhili alitoka benchi la nyuma. Alitembea kama mtu anayebeba ubao mrefu ndani ya nyumba ya watu, akiangalia kila upande asigonge. Alisimama ng'ambo ya beseni.

"Mama Claudine," akasema Mchungaji, "mbele ya Mungu na kanisa, unakubali kunawa na muntu huyu?"

"Nakubali."

Kina mama walianza wimbo kwa chini. Niliingiza mikono yangu majini. Yalikuwa baridi kuliko nilivyodhani. Nilisubiri mikono yake.

Haikuja.

"Madamu," akasema Fadhili, "toa mikono kwanza."

Wimbo ulipungua, sauti moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki ya Françoise, naye akanyamaza.

"Fadhili, mwanangu," Mchungaji akasema kwa upole, "ushuhuda umeshatoa. Sasa ni kunawa."

"Ushuhuda ulikuwa uongo, Mchungaji."

Nilisikia mabenchi yakilia.

"Mimi sikumupiga risasi," akasema. Hakuwa anasema na kanisa. Alikuwa anasema nami. "Mwingine alipiga. Alikufa Kampene, kwa shimo ya kuchimba mawe. Nilisema hapa ni mimi, sababu risasi kila muntu anaielewa. Muntu akisema nilipiga, watu wanalia, wanaimba, wanasema Mungu amekusamehe. Nilitaka wasamehe kitu. Nikawapa iyo."

"Ulifanya nini basi?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ya darasani.

"Nilikuja kwenu kusema. Mukafunga mlango."

"Sema sasa."

"Komanda alimuuliza bibi yake njo nani. Alijibu vile nilikuambia. Mara mbili. Komanda alikuwa amesikia bibi ya muntu wanamutafuta amepita na reli, lakini hakuwa na hakika, alikuwa karibu kumuachia. Nilimuona, alishaanza kumurudishia kofia yake." Akameza mate. "Alafu komanda akageuka. Akasema: nani hapa mutoto wa Kindu? Nani anamujua huyu?"

Fadhili aliinua macho, akaniangalia.

"Mimi nilikuwa mwanafunzi wenu, Madamu. Mwaka wa pili, benchi ya dirisha. Hamunikumbuki, tulikuwa wengi, na mimi niliacha katikati ya mwaka, walipotubeba kwenda msituni. Lakini mimi niliwakumbuka. Mulikuwa munatuambia kila siku: sema kile umeona. Usiongeze, usipunguze."

Nilimtazama uso, nikatafuta mtoto humo. Sikumpata. Niliipata sauti tu, ikijibu kutoka upande wa dirisha.

"Nikasema," akaendelea. "Sikupigwa. Sikutishwa. Niliulizwa tu, na jibu nilikuwa nalo, kama darasani. Nikasema: huyu bibi yake njo Madamu Germaine, Mama Claudine, mwalimu wetu. Yule wa kwanza hapana bibi yake."

Nje ya mlango, ushungi mweupe uliteremka mpaka chini. Mwanvua alikuwa ameketi.

"Kisha?"

"Bwana yenu aliniangalia. Hakusema kitu. Komanda akamuuliza mara ya tatu, sasa kwa bunduki: yule alikuwa nani, umemuficha wapi? Hakujibu tena. Njo pale walimupiga."

Mchungaji Ilunga alifungua Biblia, akaifunga. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba alikuwa akitafuta aya, na haikuja.

"Ilikuwa kweli, Madamu," akasema Fadhili. "Kila neno. Njo maana sijui kutubu. Uongo muntu anautubu, wizi anautubu, damu anaitubu. Kweli muntu anaitubu namna gani? Nimemuuliza Mungu, sijasikia. Nikasema nitawauliza nyinyi, sababu njo nyinyi mulinifundisha."

Wiki nzima nilikuwa nimetamani mtu mmoja awe amelitaja jina langu bariyerini. Nililitamani katikati ya mto, nililitamani kitandani, nilimwonea wivu mwanamke mwingine kwa sababu halikutajwa. Sasa mtu huyo alikuwa amesimama mbele yangu. Alilitaja lote, la ubatizo na la mtoto, kwa usahihi, bila kuongeza, bila kupunguza.

Na jambo la kwanza nililolihisi, kabla ya kitu kingine chochote, ilikuwa furaha.

Ilidumu muda wa pumzi moja. Lakini ilikuwepo, na Mungu anayepima aliiona.

Mikono ya Fadhili ilikuwa mikavu, imening'inia pembeni. Yangu ilikuwa bado ndani ya maji. Françoise alikuwa ameliangusha taulo, na hakuna aliyeinama kuliokota.

"Mama Claudine," Mchungaji akaniuliza, kwa sauti ya mtu ambaye kweli hajui, "ni nani sasa anayepaswa kunawa?"